Binti yangu anamlilia mwanamuziki wa Uingereza. Je, ni pepo?

Swali la msomaji

Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisumu, kwetu ni Vihiga, na nimeokoka tangu nikiwa shuleni. Kifungua mimba wangu ni msichana, yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Tarehe 16 Oktoba 2025, siku moja tu baada ya habari za kifo cha Baba, Raila Odinga, kutufikia kutoka India, nilimkuta chumbani amewasha mshumaa mbele ya picha, analia kwa kwikwi. Nikadhani anamlilia Raila kama sisi sote. Kumbe ni yule kijana Mwingereza, Liam Payne wa bendi ya One Direction, aliyeanguka hotelini huko Argentina mwaka jana. Hata mwaka jana alilia karibu wiki nzima. Nilipata aibu, kwa sababu Jumamosi yake tulikwenda Mamboleo tangu alfajiri kumuaga Baba, na yeye akakaa nyumbani. Na mwezi wa Agosti tulipomzika babu yake, baba yangu mzazi, hakutoa hata chozi. Wenzangu wa maombi wanasema hilo ni pepo la kuabudu sanamu, nimpeleke kwenye kesha aombewe litoke. Simu nimemnyang'anya, picha nimeichana. Tangu siku hiyo hanisemeshi. Je, ni dhambi Mkristo kumlilia mtu wa dunia aliyekufa na madawa mwilini? Na mimi nifanye nini?

Jibu

Amina, mama, na pole sana. Pole ya baba kwanza, kwa maana barua yako imemtaja kwa mstari mmoja tu, katikati ya mambo ya Mwingereza, na nitarudi kwake kabla sijamaliza.

Nianze na lenye haraka. Hilo kesha liache. Mimi ni kasisi wa hospitali hapa Kisumu, na sehemu kubwa ya maisha yangu imepita katika wodi za ile hospitali kuu ambayo wazee hadi leo wanaiita Russia. Nimeletewa wasichana waliozungukwa na watu wazima wanane usiku kucha, huyu kashika kichwa, yule kashika miguu, na kosa lao lilikuwa kulia. Hawafiki kwangu wakiwa wamefunguliwa. Wanafika sauti imewakauka, na wamejifunza kwamba nyumbani kwao chozi ni ushahidi dhidi yao. Siwabezi wenzako wa maombi. Watu wanaofunga na kukesha kwa ajili ya mtoto wa mwenzao ni hazina, washikilie. Ila jambo kabla hujaliita pepo, jaribu kwanza kuliita kwa jina lake la kila siku. Hili jina lake ni kufiwa.

Sasa dhambi. Unaujua ule mstari mfupi wa Yohana 11, "Yesu akalia machozi". Watoto wa Shule ya Jumapili huukariri mapema kwa sababu ni maneno matatu tu, na labda ndiyo maana tunaupita mbio. Pale alipokuwa akilia, Yesu alijua kwamba punde si punde Lazaro atatoka kaburini na sanda zake. Jibu la msiba ule alikuwa nalo mkononi, na bado akalia. Anayekwambia mwenye imani halii, mwulize anamfuata Yesu yupi.

Na ule wa 1 Wathesalonike 4:13, ambao hauachi kusomwa kwenye mazishi yetu: tusihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini". Kwenye vipaza sauti vya matanga umekatwa nusu ukageuzwa amri, futeni machozi, mnamfurahisha shetani. Msome Paulo mpaka mwisho wa sentensi. Anasema kuna kuhuzunika kwa namna mbili. Hajamwondolea mtu huzuni.

Najua utakalosema. Lazaro alikuwa rafiki wa Yesu, mtu wa nyumba ya kukaribisha wageni wa Mungu, na huyu kijana ni mtu wa dunia. Haya, tumwache Lazaro. Fungua 2 Samweli sura ya kwanza.

Sauli amekufa mlimani Gilboa. Huyu ndiye aliyemrushia Daudi mkuki akimpigia kinubi, akamwinda miaka na miaka kama kware milimani. Usiku wa kuamkia vita vyake vya mwisho alijibadilisha mavazi akaenda Endori kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi. Kesho yake akauangukia upanga wake mwenyewe. Kama kuna marehemu ambaye makanisa yetu ya leo yangekataa hata kumpelekea kwaya, ni Sauli. Na Daudi? Alirarua nguo zake, akafunga mpaka jioni, akatunga wimbo wa maombolezo, tena akaagiza wana wa Yuda wafundishwe. Usome polepole wimbo ule, mama, uangalie kilichomo na kisichomo. Hamna uongo: hasemi kwamba Sauli alikuwa mcha Mungu tangu utotoni. Anayataja mambo ambayo kila mtu aliyaona, nguvu zake, wepesi wake vitani, na jinsi alivyowavika binti za Israeli nguo nyekundu na mapambo ya dhahabu. Na hamna hukumu. Tafuta mstari unaosema Sauli yuko wapi sasa. Hutaupata.

Sisi tumezoea kinyume chake pande zote mbili. Mlevi akizikwa na jamaa wenye uwezo, wasifu unamfanya mtakatifu, "mtu wa watu", na wajane wawili wanaangaliana. Akizikwa na maskini, mhubiri anamsimamisha kama mfano wa watakaoungua, mama yake akiwa ameketi pale pale kwenye kiti cha plastiki. Nimesimama kwenye mazishi ya aina zote mbili, na mara nyingine kipaza sauti nilikuwa nimeshika mimi.

Kuna mstari mwingine katika wimbo ule ambao ningependa usome na binti yako. Daudi anawaambia watu habari hii wasiipeleke Gathi, wasiitangaze katika njia za Ashkeloni, binti za Wafilisti wasije wakashangilia. Oktoba ile ya 2024 picha za chumba cha hoteli alimokaa Liam zilizunguka dunia, hata picha iliyoonyesha sehemu ya mwili wake. Mimi nilitumiwa kwenye simu na mzee mmoja wa kanisa, na chini yake katuni za kucheka. Hiyo ndiyo Gathi. Huyo mzee hakuna aliyempeleka keshani. Msichana aliyelia chumbani peke yake yuko karibu na Daudi kuliko sisi tuliosambaza.

Umeandika "aliyekufa na madawa mwilini". Ni kweli. Waendesha mashtaka wa Argentina walitangaza kwamba mwilini mwake walikuta pombe, kokeini na dawa ya kutibu sonona aliyoandikiwa na daktari. Walisema pia kwamba kwa jinsi alivyoanguka, kutoka ghorofa ya tatu, bila dalili ya kujikinga, huenda hakuwa na fahamu kamili, wakaondoa uwezekano kwamba alijirusha kwa kukusudia. Naliandika hili wazi kwa sababu mara nyingi neno "alijiua" huingia mapema kwenye midomo ya watu wa maombi, na likishaingia halitoki. Alikuwa na miaka 31. Vita vyake na pombe alikuwa amevieleza hadharani mwenyewe, miaka kabla ya kufa. Baba yake alisafiri hadi Buenos Aires, akasimama nje ya ile hoteli akisoma karatasi ambazo watoto wa watu walikuwa wamezibandika. Mazishi yalifanyika tarehe 20 Novemba, katika kanisa la Mtakatifu Maria mjini Amersham, zaidi ya mwezi mzima tangu afe. Wewe unatoka Vihiga, unajua maana ya boma kungoja mwili kutoka ng'ambo. Ukimwona kama mtoto wa mzazi fulani, utaacha kumwona kama somo.

Yuko wapi? Hilo si kazi yangu wala ya kikundi chako. Abrahamu, alipokuwa akiwaombea watu wa Sodoma, watu wa Sodoma jamani, aliuliza kama Mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki. Mimi hulala juu ya swali hilo. Wakatoliki wana tarehe 2 Novemba ya kuwaombea marehemu wote. Ninyi wapentekoste hamuombei wafu, na sitaki kukuvuta upande huo. Lakini hata asiyemwombea marehemu anaweza kumwombea mtoto wake mdogo aliyebaki, na wazazi, na wale wenzake wanne waliosimama kanisani siku ile. Binti yako akiambiwa aombe hivyo, machozi yake yatapata pa kwenda.

Hapa inabidi nikuambie jambo langu. Machi 2003 nilikuwa kasisi kijana kule Nakuru. Tarehe 16 mwezi ule mwanamuziki E-Sir alikufa barabarani akirudi Nairobi, ametoka kutumbuiza hapo hapo Nakuru. Alikuwa na miaka 21. Kama ulikuwa kijana wakati ule huna haja ya kuelezwa. Mimi mwenyewe, niliyejidai sisikilizi muziki wa vijana, nilikuwa namjua kwa Kiswahili chake kilichonyooka. Wiki hiyo nilialikwa kuhubiri katika shule moja ya wasichana, nikakuta nusu ya ukumbi macho yamevimba. Nikapanda jukwaani nikasema, "Mngelia hivi kwa ajili ya dhambi zenu, shule hii ingeokoka yote." Walimu wakapiga makofi. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akaangalia chini, akaanza kukunja na kukunjua ncha ya sweta yake, hakuinua tena uso hadi nilipomaliza. Niliondoka pale najiona nabii.

Ilinichukua miaka mitatu. Mei 2006 Daniel Owino Misiani, mwanamuziki wa benga, alikufa kwa ajali ya barabarani hapa Kisumu. Sikuwahi kumpa mkono. Nilikuwa naendesha gari, redio ikatangaza, wakaweka gitaa lake, na nikalazimika kuegesha kando kwa sababu barabara sikuiona tena. Nililia kama mtoto. Nilichokiona ni redio ya baba yangu, ile ya betri nne, na betri zenyewe zimeanikwa juu ya bati zipate jua ili Jumapili mchana tusikie benga mpaka mwisho. Baba alikuwa amekufa miaka kumi na moja nyuma yake. Siku ya mazishi yake nilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume, mwanafunzi wa uchungaji, mwenye orodha ya michango mfukoni, sikulia. Nililia kwa Misiani, na ndani ya gari nikamkumbuka yule msichana wa sweta.

Sidai kwamba machozi ya binti yako ni ya babu yake yaliyopotea njia. Wataalamu wa ushauri hupenda kugeuza kila kilio kuwa kilio cha kitu kingine, na kuna dharau fulani humo, kana kwamba mtoto hawezi kumpenda mwimbaji tu. Anaweza. Bendi ile iliundwa mwaka 2010 katika shindano la televisheni Uingereza, vijana watano walioshindwa mmoja mmoja wakaunganishwa, na ilisimama mwanzoni mwa 2016. Piga hesabu: binti yako alikuwa mtoto wa madarasa ya chini ya shule ya msingi ilipovunjika. Aliikuta kwenye simu, tayari imekwisha. Wote wa rika lake wamekuwa wakiishi na neno moja, kwamba siku moja hao watano watarudi jukwaani. Tarehe 16 Oktoba 2024 neno hilo lilikufa. Usiicheke huzuni hiyo. Ni huzuni ya kitu ambacho hakikuwahi kutokea, na hizo ndizo ngumu kuzieleza kwa mama.

Lakini tuje kwa babu, maana hapo ndipo barua yako ilinisimamisha. Nimezika watu Vihiga mara nyingi. Nazijua zile njia za kushuka chemchemi na kupanda. Wazee wanakuja, hema linasimamishwa, moto unawashwa nyuma ya jikoni, na kuna kundi moja la watu ambalo halionekani kwenye picha yoyote ya mazishi: wasichana wa miaka 15 hadi 20. Hao wako na mitungi ya lita ishirini, wanapanda. Wakifika wanaambiwa vikombe havitoshi. Jeneza linapofunguliwa watu wapite, wao wanaosha sufuria, kwa sababu wageni wa kutoka Nairobi hawajala. Binti yako alimwona babu yake mara ngapi wiki ile? Aliketi lini? Nani alimwambia, "Njoo, acha hiyo sahani, huyu alikuwa wako pia"? Pengine mlimpa nafasi na mimi namsingizia boma lenu. Mwulize.

Na zingatia jambo hili la pili. Huku kwetu maombolezo ni kazi ya mwili. Mtu akifa tunakwenda. Tunaketi, hata bila neno. Tunachanga, tunapika, tunakesha, tunamwaga mchanga kwa mkono wetu na kuusikia ukigonga mbao. Waluo walikuwa na mpiga nyatiti wa kumwimbia marehemu sifa zake. Waisukha na Waidakho wana isukuti yao. Hata wanaoichukia disko matanga, na mimi ni mmoja wao, lazima wakiri kwamba vijana wale hawakuzua wazo la ngoma karibu na maiti. Huzuni yetu imepewa miguu na mikono. Sasa mtazame msichana wa Kisumu aliyefiwa na mtu wa Wolverhampton. Hakuna boma la kwenda. Hakuna mchango. Hakuna jirani atakayekuja na sukari kilo mbili na kumwambia pole. Akienda shule wenzake wanamcheka, akirudi nyumbani anaambiwa ni pepo. Alichobakiwa nacho ni mshumaa mmoja na picha. Alijijengea matanga ya mtu mmoja, mama, kwa vifaa vilivyokuwapo.

Wewe Jumamosi ile ulitoka alfajiri kwenda Mamboleo. Uliketi na Raila mezani mara ngapi? Najua, kwa watu wa huku haikuwa kumlilia mwanasiasa tu, yalikuwa maisha mazima yakipita kwenye lile gari. Ndivyo nami ninavyosema. Ulilia pamoja na maelfu, ukarudi umechoka na umepona kidogo. Mtoto wako aliomboleza wiki ile ile, mji ule ule, bila mtu hata mmoja wa kulia naye. Warumi 12:15 inasema tulie pamoja na waliao, wala haikuweka sharti kwamba kwanza tumkubali marehemu.

Suala la sanamu nitalipitia haraka, kwa sababu sidhani ndilo lenyewe. Picha si tatizo. Sisi tunachapa sura za marehemu kwenye fulana mia mbili na kwenye bango la geti. Mshumaa si tatizo. Yupo jirani yangu Mwislamu aliyenikumbusha siku moja kwamba Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim alisema jicho latoka machozi na moyo wahuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Hicho ni kipimo kizuri, na nimekiazima bila haya: sikiliza ulimi. Je, anamwomba Liam amsaidie mtihani? Anasema haoni sababu ya kuishi bila yeye? Hapo tuna la kuzungumza kama watu wa imani. Kama anasema "sasa ni malaika", basi mrekebishe, kwa upole na siku nyingine, kwamba Maandiko hayasemi popote kwamba mtu akifa anakuwa malaika. Ukipenda uanze na mabango yetu wenyewe ya mazishi, yamejaa kosa hilo.

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo ukiyaona usiningoje mimi. Akiwa hali wala halali kwa siku nyingi. Akianza kugawa vitu vyake anavyovipenda. Akizungumza kuhusu kumfuata. Ukiona chale mikononi au mapajani. Walawi 19 iliwakataza Waisraeli kujichanja kwa ajili ya wafu, na mimi naiona kama huruma ya Mungu kwa miili ya wafiwa, ila mtoto anayejichanja leo hahitaji kusomewa Walawi, anahitaji muuguzi na mtu wa kumsikiliza siku hiyo hiyo. Mpeleke kliniki ya afya ya akili. Namba 116 ya watoto ni ya bure nchini kote, na 1199 ya Msalaba Mwekundu pia. Anaweza kupiga yeye au wewe. Usione haya. Kwa ulivyoandika, sioni dalili hizo, ila wewe ndiye unayelala naye nyumba moja.

Ya kufanya, basi. Utamwomba msamaha kwa ile picha. Najua kwa mama wa Kimaragoli kumwomba mtoto msamaha ni kama kumpa fimbo, lakini ulichana picha ya marehemu mbele ya mfiwa. Hata ingekuwa ya mlevi wa kijijini tungesema umekosa. Usiongeze "lakini" nyuma yake. Sema nimekosa, kisha unyamaze.

Halafu mwulize swali moja, ukiwa unafanya kazi ya mikono, unachambua mboga au unakunja nguo, maana watoto wa umri huo husema vizuri zaidi wasipotazamwa usoni: "Alikuwa anaimbaje huyo kijana?" Atakuchezea wimbo. Usikilize mpaka mwisho, hata kama hutaelewa hata neno, na usiseme kwamba za Injili ni nzuri zaidi. Kama kuna maneno ya hovyo mle, atayaona mwenyewe ukiwa umeketi kando yake, na ataona aibu yake mwenyewe. Hiyo ni ya kwake na Mungu.

Na shule zikifungwa, nendeni Vihiga ninyi wawili tu. Wadogo zake wabaki. Usiite mchungaji, usibebe sukari ya wageni, usimwambie mtu mnakuja. Kaburi la Agosti sasa litakuwa limeanza kutitia upande mmoja na magugu yameota. Mpe jembe. Mwambie babu yake alikuwa mtu wa namna gani, yale ya kweli, pamoja na yale ambayo hayakusomwa kwenye wasifu. Mimi nina wasiwasi kwamba wewe nawe ulikuwa na orodha ya michango mfukoni siku ile. Mkilia, lieni. Msipolia, palilieni mpaka mmalize.

Simu mrudishie leo, kabla ya chakula cha jioni, pamoja na chaja yake.